Mjomba anataka kustaafia Thailand na huku Mikindani boma lake limefika linta, naombeni ushauri

Mpwa wa Mikindani

Wakuu habari za saa hizi. Niko Mtwara, Mikindani, naomba ushauri wa watu wazima hasa waliowahi kuishi au kutembea huko Asia, maana hapa nyumbani tumebishana mpaka tumechoka na kila mtu anaongea kwa hasira.

Iko hivi. Mjomba wangu, kaka yake mama tumbo moja, aliondoka hapa miaka ya tisini akaenda Uingereza, kabeba maboksi, kaendesha basi, na uraia akachukua huko huko. Mke wake alishatangulia mbele ya haki, watoto wake wawili ni watu wa kule, Kiswahili wanakisikia kwa mbali. Karibu anatimiza miaka 66 aanze kula pensheni. Sisi miaka yote tunajua atarudi. Kiwanja kipo huku juu unapoiona ghuba yote, boma limesimama limefika linta, na minazi aliyopanda bibi imo humo humo ndani ya kiwanja. Sasa juzi kati kapiga simu ya vidio anasema kabadili mawazo, anataka akaishi Thailand, mji unaitwa Chiang Mai, kuna wazungu wawili aliokuwa anafanya nao kazi wameshahamia wanamrushia vidio kila siku, maisha rahisi, hospitali nzuri, umeme haukatiki, ukiwa na pensheni ya Uingereza unaishi bila presha. Nyumba ya huku anasema tutaimalizia sisi taratibu.

Mama toka siku ile hali akashiba. Kwa wasiotujua watu wa Kusini, kwetu Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, mjomba ndiye mwenye sauti kwa wapwa zake. Posa inapelekwa kwake, watoto wakienda jandoni lazima awepo au atume neno, msiba ukiingia watu wanauliza mjomba kasemaje. Miaka yote hii mambo haya tumeyafanya kwa simu tukijipa moyo kwamba yuko njiani.

Ninachotaka kujua, kweli kule ni rahisi hivyo kwa mtu wa pensheni ya kawaida? Anapewa ukaazi wa moja kwa moja au anaomba kila mwaka? Akiugua inakuwaje, na likitokea la kutokea, Mungu apishe mbali, inakuwaje, maana yeye ni Muislamu. Sitaki kumpinga kwa maneno matupu, nataka nikimpigia niwe na hoja.

Mmasasi wa KL

Mpwa hapo umefanya la maana, kuuliza kwanza. Mi mtu wa Masasi, naishi Kuala Lumpur, Malaysia, na Thailand naingia sana kikazi na wazee wa Kiingereza waliostaafia kule nawafahamu, nikueleze ninachokijua.

Kwanza mjomba hajadanganywa. Chiang Mai chumba kizuri chenye jiko na kiyoyozi unapata kwa baht 10,000 hivi kwa mwezi, kwa hela yetu inakimbilia laki nane, sahani ya wali au tambi mtaani baht 50 au 60, na hospitali zao binafsi ni nzuri kweli, unaingia asubuhi mchana umeshapimwa kila kitu na majibu unayo mkononi. Hilo mpeni haki yake.

Ila upande wa makaratasi watu wa vidio hawausemi. Mstaafu Thailand hapewi ukaazi wa kudumu, anapewa mwaka mmoja mmoja, sharti awe na miaka 50 kwenda juu, na kila mwaka aonyeshe hela: ama baht 800,000 zimelala kwenye benki ya kule, ama kipato cha baht 65,000 kila mwezi, ama achanganye akiba na kipato vifike hizo 800,000 kwa mwaka. Hiyo amana kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 55, na sio hela ya kula, inatakiwa iwe imekaa benki miezi miwili kabla ya kuomba na mitatu baada ya kupewa, na mwaka wote uliobaki isishuke chini ya 400,000. Juu ya hapo kila siku 90 anaripoti uhamiaji kwamba yupo na anaishi wapi.

Sasa chukua pensheni ya serikali ya Uingereza. Kwa viwango vya 2025/26 ile kamili ilikuwa paundi 230.25 kwa wiki, na kamili ni ya mtu mwenye michango ya miaka 35, kwa hiyo kama mjomba alianza kazi katikati ya miaka ya tisini huenda hajazifikisha. Ukipiga kwa mwezi ilikuwa haifiki paundi elfu moja, kwa baht ni arobaini elfu na kitu. 65,000 haioni. Kama hana pensheni nyingine ya kazini itabidi akalaze akiba yake benki na asiiguse.

Na hili ndilo linalowauma wazee wengi huku: ile pensheni ukihamia Thailand inaganda. Waliobaki Uingereza kila Aprili wanaongezewa, aliyehamia Thailand au Malaysia haongezewi, kiwango alichoanza nacho ndicho hicho hicho mpaka mwisho wa uhai wake. Ufilipino peke yake ndio wana mkataba na Uingereza kwa ukanda huu, ukiwa kule inapanda kama kawaida. Mtu wa miaka 66 akijaaliwa kufika 85, baht 10,000 ya chumba leo haitakuwa 10,000 wakati huo, na yeye hela yake imesimama pale pale. Hii mwambie kabla ya lolote.

Malaysia nako msimpeleke kichwa kichwa. Ule mpango wao wa wageni wa muda mrefu, MM2H, ulianza 2002 na watu wa kawaida walikuwa wanauweza, lakini kwa masharti ya 2024 daraja la chini la mpango wa kawaida linataka amana ya dola 150,000 na ununue nyumba juu yake. Hiyo sio hela ya mtu aliyeendesha basi.

Mnada wa Tandahimba

Mi Thailand sijafika, nimefika Vietnam. Korosho zetu ghafi nyingi zikitoka bandari ya Mtwara zinaenda India na Vietnam, tajiri wangu akanipeleka kuangalia viwanda vya kubangua kule Binh Phuoc. Wenzetu wamejipanga jamani, korosho ya Newala na Tandahimba inafika ghafi inatoka imefungwa kwenye pakiti, hela ya kubangua inabaki kwao, hilo linaniuma mpaka leo ila sio mada ya hapa.

Nchi ni rahisi sana, chakula kizuri, watu wachapakazi. Lakini Vietnam viza ya mstaafu haipo kabisa. Wageni wengi wanaishi kwa viza ya mtandaoni ya siku 90, waliirefusha ikawa hivyo Agosti 2023, ikiisha unatoka nje ya nchi unaomba nyingine unarudi. Siku moja tuko Vung Tau tunakunywa kahawa asubuhi, vile viti vyao vya plastiki vifupi magoti yanakufika kifuani, akaja kukaa na sisi mzee wa Kiaustralia wa miaka sabini na kitu. Ana begi dogo la ngozi kaliweka mapajani, kahawa imekuja hajalitoa, anakunywa kwa mkono mmoja mwingine uko juu ya begi. Nikamuuliza kuna nini humo, akafungua akanionyesha, pasipoti, karatasi za viza, mkataba wa nyumba, vyeti vya hospitali, maana mwenye nyumba anazitaka, polisi wa mtaa wanazitaka, benki wanazitaka. Mzee wa watu ana hela yake, ana afya yake, ila anatembea na uhalali wake kwenye begi. Mimi baba yangu ana umri ule ule, yuko Tandahimba anakaa chini ya mkorosho wake hakuna wa kumuuliza karatasi.

Sisemi mjomba asiende. Nasema aende kwanza kama mgeni, akae miezi kadhaa, asiuze chochote.

Mmasasi wa KL

Nakuunga mkono, na akienda Chiang Mai kujaribu asiende Desemba kwenye hali ya hewa ya kuvutia watalii. Aende Februari mpaka Aprili. Kipindi hicho wanachoma mashamba na misitu inaungua, mji uko bondeni umezungukwa na milima, moshi unakaa chini kama wa kukaanga korosho kienyeji ila huu hauishi jioni, na kuna siku mji huo unatajwa kati ya yenye hewa chafu kuliko yote duniani. Kwa mtu mzima mwenye kifua hiyo ndiyo miezi ya kupimia.

Mpwa wa Mikindani

Asanteni sana, hili la pensheni kuganda hakuna hata mmoja wetu aliyelijua. Kifua anacho, alivuta sana sigara zamani. Na presha anameza vidonge. Wataalamu wa afya kama mpo humu naombeni neno.

Nesi wa Kusini

Nipo dada. Au kaka, sijajua, nisamehe. Mimi ni nesi, wodi yangu ni ya wagonjwa wakubwa na wengi ni wazee, acha niongee bila kupaka mafuta.

Kwa matibabu yenyewe Thailand imetuzidi, tusidanganyane. Huku tumesogea, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo imetupunguzia safari nyingi, Ndanda na Nyangao zipo toka enzi za wamisionari na bado zinabeba watu, lakini kuna mambo ya moyo na saratani ambayo lazima Dar, na Dar ni zaidi ya kilomita 500. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua barabara ikakatika kule Somanga, mgonjwa wa rufaa ya gari akawa hana pa kupita. Mjomba anayajua haya, na mtu mwenye presha kuyafikiria ni haki yake.

Ila ya huko nayo yana bei. Akihama Uingereza moja kwa moja, yale matibabu ya bure ya NHS, huduma ya afya ya serikali kule, hana tena, hata akirudi kutembea akalazwa anaweza kudaiwa kama mgeni. Thailand kuna njia mbili za viza wanazotumia wastaafu wengi, ile inayoombwa ukiwa nje ya nchi inataka bima ya afya ya baht milioni 3, ile nyingine anayoingia nayo kisha akaongezewa mwaka akiwa ndani, hiyo haina sharti la bima, na ndiyo maana wengi wanaikimbilia halafu wanakaa bila bima kabisa. Bima zenyewe kadiri unavyozeeka zinapanda, ugonjwa ulioingia nao wengi hawaulipii, na ukifika sabini na kitu kampuni nyingi hazitaki mteja mpya. Presha yake na kifua chake vitaandikwa kwenye fomu siku ya kwanza.

Sasa lingine, na hili nawaambia ninyi wa nyumbani. Mtu akipata kiharusi, kinachomuokoa baada ya daktari ni mikono. Ageuzwe kila baada ya saa mbili usiku na mchana asipate vidonda vya mgongo, alishwe uji kijiko kwa kijiko kichwa kimeinuliwa usimpalie, abadilishwe, aoshwe, anyooshwe vidole vile vilivyokunjamana. Nawaona kina mama wanaoifanya kazi hiyo wodini kwangu, wengi wamezeeka na wenyewe, mgongo umeshapinda, mchana yuko na mgonjwa usiku kajilaza chini kwenye mkeka pembeni ya kitanda. Wanaume wa ukoo wanakuja saa ya kuona wagonjwa wanasimama mlangoni. Kwa hiyo mnapomwambia mjomba arudi, je mmekaa mkakubaliana nani atamgeuza? Mama yako ana umri gani? Thailand watu wa kuhudumia wazee wanalipwa na wamefunzwa, inawezekana yeye ameliwaza hilo na hataki dada yake abebe mzigo huo. Muulizeni, msimkisie.

Mzee wa Mingoyo

Shikamooni wakubwa, vijana habari zenu. Nimestaafu utumishi, nilikuwa idara ya ardhi, sasa hivi nipo Mingoyo na mikorosho yangu. Nimesoma yote, niongeze ambalo halijaguswa.

Mpwa, hicho kiwanja kiko kwa jina la nani na kilipatikana lini? Nauliza kwa sababu mjomba wako alipochukua uraia wa Uingereza akiwa mtu mzima, uraia wa Tanzania aliupoteza, nchi yetu haina uraia pacha. Na kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Kwa hiyo mkimwambia Thailand hatakuwa na ardhi yake mtasema kweli, kule mgeni ataruhusiwa ghorofani tu, na wageni wote kwa pamoja hawaruhusiwi kuzidi asilimia 49 ya eneo la jengo, lakini akiangalia huku kwa sheria naye alikuwa mgeni vile vile. Nimeona ofisini mambo haya yakivunja ndugu. Mtu katuma hela miaka na miaka, kiwanja kikaandikwa jina la kaka, kaka akafariki, watoto wa kaka wanasema hii ni mirathi ya baba yetu. Mwenye hela anashuka uwanja wa ndege hana hata karatasi moja.

Habari njema ni kwamba mwaka 2025 sheria ya uhamiaji na ya ardhi zilirekebishwa kwa ajili ya Hadhi Maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, ndiyo njia iliyowekwa ili watu kama yeye waweze kuishi na kumiliki bila ujanja ujanja. Aende Uhamiaji au ubalozini London aulizie masharti na aanze kufuatilia mapema akiwa bado huko, vyeti vya kuzaliwa vya zamani vya Mtwara kuvipata ni kazi na mama yako ndiye atakayemsaidia kuthibitisha.

La maziko. Thailand Waislamu wapo, hata Chiang Mai misikiti ipo ya miaka mingi, kwa hiyo akifa kule atasaliwa na atazikwa, hilo mama asilie usiku. Kinachoshindikana ni kumleta. Kusafirisha maiti kutoka Asia mpaka Mtwara ni maelfu ya dola na siku nyingi za karatasi, na ubalozi wa Uingereza haulipi. Mjomba aseme mwenyewe akiwa hai na akili zake anataka lipi, na aliandike.

Na kinyume chake pia, msiba ukitokea huku. Nimeambiwa na kijana wangu aliyewahi kufanya kazi kule, ukiwa na huo ukaazi wa mwaka ukatoka nchini bila kibali cha kurudi, ukaazi umekufa, unaanza upya kama hujawahi kuishi. Kibali chenyewe ni baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi, mwambieni akate cha nyingi, maana mtu aliyepigiwa simu usiku kwamba dada yake kafariki hatakumbuka kupanga foleni ya kibali.

Mwisho kabisa, na nisamehe kwa kuwa mkweli. Mtu aliye nje kila simu ya nyumbani akiipokea anaambiwa ada, bati, mgonjwa, mbolea, salfa, anaanza kuogopa kuishi karibu na hizo simu. Mimi pensheni yangu ni ya kawaida, hainifikishi hata Nairobi, lakini msimu wa mauzo ukianza naona ndugu wanavyoongezeka uani. Yeye mwenye paundi itakuwaje? Kaeni kikao cha ukoo bila yeye, mkubaliane nini hatoombwa.

Mpwa wa Mikindani

Mzee shikamoo, na wengine wote asanteni. Nimeongea na mjomba jana usiku muda mrefu. Nimemweleza la pensheni, akanyamaza kidogo kisha akasema wale rafiki zake nao hawajawahi kulitaja, atawauliza. Pensheni ya kazini anayo ndogo, ukijumlisha bado 65,000 haifiki, labda alaze akiba. Nikamuuliza alilosema Nesi, nani atamgeuza. Hapo ndipo akaongea. Akasema kamuuguza mkewe miaka miwili peke yake kwenye fleti, anajua kazi yake, na dada yake ana sukari, hawezi kuja kumfanyia hivyo. Mama alikuwa pembeni anasikia, akanyang'anya simu, wakaongea Kimakonde saa nzima mi nikatoka nje.

Kiwanja kiko kwa jina la mama, kilinunuliwa baada ya uraia. Watoto wa mama tuko wanne, Jumamosi tunakaa kikao tuandike kwamba ile ni mali ya mjomba na kila mmoja atie sahihi mbele ya mwanasheria, halafu tufuatilie hiyo Hadhi Maalumu. Yeye kasema Februari ataenda Chiang Mai akakae mpaka Aprili aone huo moshi, kisha aje Mtwara akae mpaka korosho zianze kuanguka. Baada ya hapo ndio ataamua, na tumekubali kwamba uamuzi ni wake.

Swali moja la mwisho kwa Mmasasi, akija huku je, pensheni itapanda au nayo inaganda?

Mmasasi wa KL

Inaganda vile vile, Tanzania haina mkataba na Uingereza wa kuongezewa. Tofauti ni kwamba huko Mtwara hatolipa kodi ya chumba, na hiyo paundi mia tisa na kitu hata ikiganda ni zaidi ya milioni 3 kwa mwezi.

Ila popote atakapokaa mwambie kuna fomu ya kuthibitisha uhai wanayotuma kwa posta kutoka Uingereza kwa wastaafu walio nje, inatakiwa ijazwe, isainiwe na shahidi anayekubalika, irudishwe. Isiporudi pensheni inasimamishwa. Posta ya kwetu mnaijua, kwa hiyo atoe anwani ya sanduku la mtu anayelifungua kila wiki, sio sanduku la shule aliyosoma zamani. Na kama atakaa Thailand siku 180 au zaidi kwa mwaka aulize pia habari ya kodi, kuanzia 2024 walibadilisha utaratibu wa hela inayoingizwa kutoka nje.

Nesi wa Kusini

Na mama na hiyo sukari yake aje kliniki, toka mjomba apige simu hajala vizuri umesema mwenyewe. Mlete wiki hii, usingoje Jumamosi.